Betri ya Jules Verne haikuwa na kobalti

Kwenye depo za Musompo, nje kidogo ya Kolwezi, mchimbaji akishusha gunia la mawe meusi, mnunuzi huyaelekezea kimashine ambacho wenyeji hukiita metorex. Baada ya sekunde chache asilimia ya kobalti imeshajulikana, na bei nayo. Kongo hutoa zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani, sehemu kubwa ikiwa ya mkoa huu wa Lualaba.

Hapo ndipo ningependa Jules Verne apimwe. Mfaransa huyu (1828–1905) ni miongoni mwa waandishi waliotafsiriwa zaidi duniani, ingawa kwa miaka mingi alihesabiwa mwandishi wa watoto na hakuwahi kuingia Académie française. Leo anasifiwa kuwa nabii wa nyambizi na umeme. Sifa hiyo imetiwa chumvi. Robert Fulton alikuwa ameshaunda nyambizi iitwayo Nautilus mwaka 1800. Na Nautilus ya Kapteni Nemo, katika riwaya iliyokamilika 1870, hupata umeme kutoka betri za Bunsen, zilizobuniwa 1841. Verne aliondoa zinki tu, akaweka sodiamu ya maji ya bahari iliyochanganywa na zebaki. Aliyeandika hivyo alikuwa msomaji makini wa kemia, na kwangu hilo linazidi unabii.

Ajabu ni kwamba sodiamu imerudi. Mwaka 2021 kampuni ya China, CATL, ilitangaza betri yake ya sodiamu. Si ile ya Nemo: humu ioni huenda na kurudi kati ya ncha mbili, kama lithiamu kwenye betri ya simu. Ndani ya simu, kobalti husaidia kuzuia tabaka za ncha chanya zisivurugike lithiamu inapotoka. Betri ya sodiamu inaweza kutengenezwa bila kobalti kabisa, na hata karatasi ya shaba ya ncha hasi ikabadilishwa na alumini. Nafuu ya Kolwezi ni kuwa ioni ya sodiamu ni kubwa na nzito, hivyo betri yake hubeba umeme pungufu kwa kila kilo.

Afrika nayo ina neno lake juu ya Verne. Puto la riwaya yake ya 1863 linaruka kutoka Zanzibar, mahali alipopajua kwa kusoma safari za akina Burton na Speke. Wasafiri wanapakia mawe ya dhahabu yawe uzito wa puto, kisha mtumishi wao, Joe, anayatupa moja moja kwa uchungu ili puto lipae. Mchimbaji wa Kasulo, mtaa wa Kolwezi, angemwelewa. Lakini kitabu hicho hicho kinafanya mzaha wa kuwafananisha Waafrika na nyani.

Walimu wa kemia wa Kolwezi, someni na wanafunzi sura ya umeme wa Nautilus. Na ule mzaha wa nyani msiufiche. Wasomeni wote wawili, mkemia na mwenye dharau, maana ni mtu mmoja.