Mafundi wa elimu ya tiba kwa masafa: mafunzo yao yapimwe vipi?

Madaktari na wauguzi wengi wa Afrika Mashariki hupata sehemu ya masomo yao kupitia kompyuta, mwalimu akiwa katika mji mwingine au hata bara jingine. Nyuma ya kila somo yupo fundi anayehakikisha kwamba sauti inasikika na picha inaonekana. Muuguzi hufanyiwa mtihani. Fundi huyo, aghalabu, hupewa cheti tu.

Tofauti baina ya cheti na uwezo wa kazi inafahamika vyema Woodbury, kitongoji kilichoko mashariki ya mji wa Saint Paul, Minnesota, jimbo lenye wahamiaji wengi kutoka Somalia na Kenya. Hapo ndipo yalipokuwa makao makuu ya Globe University, chuo cha kibiashara kilichotoa, miongoni mwa mengine, masomo ya usaidizi wa tiba na ya kompyuta. Mwaka 2014 Mwanasheria Mkuu wa jimbo alikishtaki chuo hicho pamoja na chuo ndugu yake, Minnesota School of Business. Mwaka 2016 mahakama iliamua kwamba vyuo hivyo viliwadanganya wanafunzi wa masomo ya haki jinai: shahada walizozilipia hazikuwawezesha kupata kazi ya polisi waliyoitarajia. Globe University kimekwishafungwa.

Kesi hiyo haikuwahusu mafundi wa mitambo. Hata hivyo, swali lake ndilo hili letu: aliyefuzu, anaweza kuifanya kazi?

Ngazi nne

Si mbali na Woodbury, ng'ambo ya mto St. Croix, linaanza jimbo la Wisconsin. Huko Donald Kirkpatrick, mhadhiri wa chuo kikuu, alibuni utaratibu wa kupima mafunzo ambao alianza kuuchapisha mwaka 1959 na ambao bado unatumika duniani kote. Una ngazi nne. Kwanza, je, waliofundishwa waliyapenda mafunzo? Pili, walijifunza nini? Tatu, mwenendo wao kazini umebadilika? Nne, kazi yenyewe imepata tija gani?

Ngazi mbili za mwanzo ni rahisi: fomu siku ya mwisho na mtihani mfupi. Kwa bahati mbaya, wafadhili wengi huishia hapo. Lakini fundi anaweza kujibu barabara maswali yote kuhusu kipaza sauti, na bado akababaika umeme utakapokatika saa nne asubuhi, wanafunzi thelathini wakimtazama.

Umuhimu wa jambo hili ulidhihirika Kenya. Mwaka 2005 shirika la AMREF, kwa ushirikiano na Baraza la Wauguzi na kampuni ya Accenture, lilianzisha masomo kwa kompyuta ili wauguzi wenye cheti wafikie kiwango cha diploma bila kuacha vituo vyao. Waliolengwa walikuwa zaidi ya 20,000. Katika mpango wa namna hiyo, kompyuta iliyokwama wilayani si hasara ya mashine tu. Muuguzi aliyebadilishana zamu ili apate nafasi ya kusoma hurudi wodini mikono mitupu, na mgonjwa wake vilevile.

Fundi au mkongo?

Hapa pana mtego. Hadi mwaka 2009 pwani ya Afrika Mashariki ilitegemea satelaiti, iliyokuwa ghali na ya polepole. Mwezi Julai mwaka huo mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kufanya kazi, na EASSy ukafuata mwaka 2010. Mwaka huohuo wa 2010 Marekani ilianzisha mpango wa MEPI wa kuimarisha elimu ya tiba barani Afrika, wenye dola milioni 130 kwa miaka mitano. KCMC ya Moshi, Makerere na Chuo Kikuu cha Nairobi vilikuwamo. Mtu akilinganisha masomo ya video ya mwaka 2008 na ya 2012, ataona maendeleo makubwa. Ni ya mafunzo ya mafundi, au ya mkongo? Hesabu ya jumla haiwezi kumjibu.

Ndiyo maana ni heri kupima yale yaliyo mikononi mwa fundi mwenyewe, miezi kadhaa baada ya mafunzo, kituoni kwake: masomo mangapi yalianza kwa wakati, dakika ngapi zilipita kabla ya hitilafu kurekebishwa, na je, alikuwa amerekodi somo kwa ajili ya waliolikosa? Mtandao ukikatika wilaya nzima, hilo liandikwe kando. Si haki kumlaumu kwalo.

Ngazi ya nne nayo inafikika. Mradi wa ECHO, ulioanzishwa New Mexico mwaka 2003 na daktari Sanjeev Arora, uliwaongoza kwa video wahudumu wa zahanati na magereza ya mbali katika kutibu homa ya ini aina ya C. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionesha kwamba asilimia 58.2 ya wagonjwa wao walipona, dhidi ya asilimia 57.5 katika kliniki ya chuo kikuu. Waliopimwa pale ni wahudumu na wagonjwa wao. Walioziunganisha zahanati hizo na chuo kikuu, wiki baada ya wiki, hawana safu yao katika jedwali hilo.