Ilani ya Kuhama Shamba na Hukumu ya Mahakama: Siku Zinahesabiwa

Mkulima wa Uriri, katika Kaunti ya Migori, akipanda miwa leo huingoja yapata mwaka mmoja na nusu kabla ya kuikata. Lakini mtu aliyeandikiwa ilani ya kuhama shamba huenda akapewa miezi 3 tu. Kwa hiyo ni hatari kubwa kuikunja karatasi ya namna hiyo na kuitia sandukuni.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, iliyorekebishwa mwaka 2016, yasema kwamba mwenye shamba lake binafsi, akiona mtu anakaa humo bila idhini yake, sharti kwanza ampe ilani ya muda usiopungua miezi 3. Ilani hiyo iwe ya maandishi, ieleze masharti ya kuondoa majengo na kuvuna mazao yaliyo shambani, na ipelekwe pia kwa Naibu Kamishna wa Kaunti na kwa mkuu wa polisi wa sehemu hiyo.

Aliyepewa ilani ana haki ya kuipinga mbele ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo hukaa mjini Migori. Mahakama yaweza kuithibitisha, kuibadili, kuisimamisha au kuifuta. Habari za miwa isiyokomaa yafaa zielezwe hapo. Hata siku ya kuhamishwa ikifika, wanaoifanya kazi hiyo hawana budi kujitambulisha na kuonyesha hati za ruhusa, na wenye nyumba wapewe nafasi ya kwanza kuzibomoa wenyewe na kuokoa vitu vyao.

Pengine shauri la shamba limekwisha kukatwa na hakimu. Asiyeridhika ana siku 30 za kukata rufani katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Siku hizo huhesabiwa tangu tarehe ya hukumu, wala si tangu mtu alipopata fedha za wakili. Aliyechelewa aweza kuomba muda zaidi, lakini sharti atoe sababu ya kutosha. Tena rufani peke yake haizuii hukumu kutekelezwa. Lazima kuomba amri ya kuisimamisha.

Yuko pia mtu aliyehukumiwa bila ya kuwapo. Huyu aweza kuiomba mahakama ile ile iitangue hukumu. Ikiwa hakupelekewa samansi kwa njia ya halali, neno lake lina nguvu sana. Ikiwa aliipata akanyamaza, ataulizwa kwa nini hakufika, na ana utetezi gani.

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Kila apokeaye karatasi ya namna hii aandike juu yake tarehe aliyoipata. Asiyejua kusoma amtafute wa kumsomea siku hiyo hiyo, kisha aende kwa wakili au kwa karani wa mahakama. Asiye na fedha aulize habari za msaada wa kisheria uliowekwa na sheria ya mwaka 2016.