Mutoto anagonjwa kila mara, lakini haiko SIDA: wakati mwili unashindwa kuunga ADN yake

Katika Kikula, Panda, Shituru na kila kartie ya Likasi, kuko hali moja yenye wazazi wanaogopa sana. Mutoto anazaliwa muzima. Kisha miezi tatu ao ine, magonjwa inaanza kufuatana: kifua, kuhara, vidonda mu kinywa, tena kifua. Dawa inasaidia kidogo, ugonjwa unarudia. Ekzame ya SIDA inatoka negatife. Hapo familia inaanza kutafuta mwenye kosa. Wengine wanasema ni mama, wengine ni nyanya, na wakati fulani mutoto mwenyewe anaitwa mulozi.

Kuko sababu moja yenye watu wengi hawajasikia. Ni ugonjwa wa nadra, lakini ni wa kweli, na ulozi hauingie ndani. Mutoto anaweza kuzaliwa bila geni moja yenye kazi yake ni kutengeneza ADN yenye imevunjika. Bila ile geni, mwili hauwezi kufanya waaskari wake.

Mwili unakata ADN yake wenyewe

ADN ni maandishi yenye iko ndani ya selile zetu, yenye inaeleza namna mwili unajengwa. Mutu iko na geni karibu 20.000. Lakini mikrobe zenye zinaweza kutushambulia haziko na hesabu. Sasa namna gani mwili unapata kingamwili, ile madokta wanaita antikoro, kwa kila mikrobe?

Jibu lilipatikana na Susumu Tonegawa, mutu wa Japani mwenye alikuwa anatumika Basel, katika inchi ya Uswisi. Mwaka wa 1976 alionyesha kama selile za ulinzi zinakata ADN yao na kuiunga upya. Kwa ile kazi alipewa tuzo ya Nobel mwaka wa 1987.

Wazia treni kwenye gare. Kuko wagoni karibu 40 za namna ya kwanza, 23 za namna ya pili, na 6 za namna ya tatu. Kila selile inachagua moja ya kila namna, inatupa zile za katikati, na inaunga hizo tatu. Hiyo tu inaleta treni zaidi ya 5.000 mbalimbali. Tena, pahali pa kuunga, selile inaongeza ao inapunguza herufi kidogo, na inafanya kazi kama hiyo kwa kipande cha pili cha kingamwili. Mwishowe, namna za kingamwili zinafika mamiliari.

Mukasi na fundi wa kuunga

Mukasi ni geni mbili, RAG1 na RAG2. Kisha kukata, fundi wa kuunga wanaingia. Wamoja wao wanaitwa Artemis na Ligase IV. Hawa fundi hawakuwekwa kwa ajili ya kingamwili peke yake. Kila siku wanatengeneza ADN yenye imevunjika katika selile za mwili muzima.

Mukasi ukikosekana, hakuna kukata. Artemis ikikosekana, ADN inakatwa lakini haiungwe, na ile selile inakufa mbele ya kuwa askari. Matokeo ni karibu moja: mutoto anabakia bila ulinzi. Geni ya Artemis ilijulikana mwaka wa 2001 kupitia watafiti wa Paris, wenye walikuwa wanachunguza watoto wa namna hiyo.

Kuko pia kukata kwa pili, yenye inakuja kisha mutu kukutana na mikrobe, ili kingamwili ya kwanza igeuke kuwa nguvu zaidi. Inafanywa na geni yenye inaitwa AID. Ikiharibika, mutoto anaishi, lakini masikio na kifua vinamusumbua kila mara.

Na Shinkolobwe?

Hapa Likasi swali linakuja haraka, ju Shinkolobwe, kwenye uranium ya bomu ya Hiroshima ilitoka, haiko mbali. Ni kweli kama mionzi inavunja ADN. Vumbi ya madini nayo inachunguzwa: mwaka wa 2018, watafiti wa Lubumbashi na wa Ubelgiji walitangaza kama watoto wa kartie Kasulo, Kolwezi, walikuwa na kobalti mingi katika mukojo, na alama za ADN kuumizwa. Lakini ugonjwa wenye tunaeleza hapa ni wa kurizi. Baba na mama ni wazima, kila mumoja iko na kopi moja nzuri na moja yenye imeharibika. Kila mimba iko na nafasi moja juu ya ine ya kupata kopi mbaya mbili. Wazazi wakiwa ndugu, hatari inapanda. Mionzi iko na neno lake: mutoto mwenye anakosa Artemis hapashwe kupigwa radio bila sababu ya nguvu, ju fundi wa kutengeneza hayuko.

Nini muzazi anaweza kufanya

Ekzame ya kwanza haiko ya ajabu: ni NFS, ile ya kuhesabu selile za damu. Kwa mutoto mudogo, lenfosite chini ya 3.000 kwa milimita kibu inaomba kuangaliwa zaidi.

Kama mutoto wa mbele alikufa kwa maambukizo ya kurudiarudia, wambia muforomo mbele ya huyu mupya kupewa BCG. Kwa mutoto bila ulinzi, ile chanjo yenye iko na mikrobe hai inaweza kuwa hatari. Hiyo haiseme kukatala chanjo. Kwa watoto wengine wote, chanjo inaokoa maisha.

Dawa sawa Bactrim inaweza kupunguza magonjwa, na kwa wengine kingamwili zinaingizwa mu damu. Kuponya kabisa kunaomba kupandikiza uboho wa mufupa, kazi yenye ilifaulu mara ya kwanza Marekani mwaka wa 1968. Mwaka wa 2022, madokta wa San Francisco walitangaza watoto kumi wenye walirudishiwa geni ya Artemis ndani ya selile zao.

Ile matibabu iko mbali na Likasi. Lakini NFS iko karibu, na kuacha kuhukumu mama ao mutoto hakuombe hata franka moja.