Kangaga: Mmea usio na ua wala mbegu

MSAFIRI atokaye Masuguru, katika nyanda za Handeni na Korogwe, akipanda Milima ya Usambara huona jambo moja mapema. Kadiri ukungu unavyozidi, ndivyo kangaga zinavyoongezeka kando ya njia, hadi katika msitu wa Amani, uliotangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997, ambako hufunika kingo za vijito na magome ya miti.

Sababu ni namna mmea huo unavyozaliana. Chini ya majani yake yaliyochanika kama manyoya huwapo madoa ya kahawia, ambayo wengi hudhani ni ugonjwa. Kumbe ni mafungu ya vifuko vya spora, chembe nyepesi kama vumbi zipeperushwazo na upepo. Spora iangukapo penye unyevu haioti kangaga moja kwa moja. Huota kwanza kimea bapa, aghalabu chenye umbo la moyo na upana wa ukucha tu. Humo ndimo hutokea mayai na chembe za kiume, nazo chembe hizo hulifuata yai kwa kuogelea. Pasipo utando wa maji, hakuna kizaliwacho.

Zamani wataalamu waliikusanya mimea yote yenye mirija ya kupandisha maji lakini isiyo na mbegu, wakaiita kangaga na jamaa zake. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2001 uliuvunja udugu huo. Ekwiseto, yenye shina la pingili, ilionekana kuwa ya ukoo wa kangaga. Likopodi na selaginela ni ukoo mwingine uliojitenga mapema mno, kiasi kwamba kangaga ina udugu wa karibu zaidi na mwembe kuliko na likopodi! Orodha ya kimataifa ya mwaka 2016 ilikadiria aina 11,916 za koo zote mbili.

Msitu ukifyekwa, kangaga za kivulini hukauka. Ipo moja inufaikayo, iitwayo kitaalamu Pteridium. Shina lake hutambaa chini ya udongo ambako moto haufiki, hivyo huchipua upya na kuisonga miche ya miti. Aidha, ina sumu. Ng'ombe aliyeila kwa muda mrefu, malisho yakiwa haba, huweza kupata uvimbe wa kibofu na kukojoa damu; mfugaji asiharakishe kudhani kwamba ni maradhi ya kupe.