Ushuru wa Soda na Kapu la Nyumbani

Zamani mgeni akibisha hodi katika nyumba ya Kagoma, wilayani Muleba, alitangulizwa buni za kutafuna kabla ya jambo lolote. Siku hizi aghalabu mtoto hutumwa dukani kuchukua soda. Katika nyumba za Waislamu, ambamo pombe ya ndizi haiingii, kreti za soda ndizo zilizoshika nafasi katika walima na sikukuu ya Idd. Basi ushuru wa kinywaji hiki, ndugu msomaji, si habari ya wakubwa wa Dodoma peke yao.

Nchini mwetu ushuru huo umekuwa ukihesabiwa kwa lita. Mwaka 2017 ulipandishwa kutoka shilingi 58 hadi 61, maana yake chupa ya mililita 350 iliongezewa kama shilingi moja. Ni nani aliyeirudisha chupa kwa muuzaji kwa ajili ya shilingi moja?

Huko Mexico mambo yalikuwa mengine. Mwaka 2014 iliwekwa peso moja kwa kila lita, takriban sehemu moja ya kumi ya bei, na manunuzi yakapungua kwa wastani wa asilimia 6 mwaka huo. Ilipofika Desemba pengo lilikuwa asilimia 12, na katika nyumba za kipato cha chini asilimia 17. Maji ya chupa yakanunuliwa zaidi.

Saudi Arabia nayo mwaka 2017 iliweka asilimia 50 juu ya soda na 100 juu ya vinywaji vya kuongeza nguvu. Lakini vinywaji vitamu visivyo na gesi viliachwa hadi mwishoni mwa mwaka 2019, na mnunuzi akawa na pa kukimbilia.

Nasi tungekimbilia wapi? Nachelea ni kwenye chai ya vijiko vinne, au unga wa juisi wa pakiti. Chupa moja ya soda huwa na sukari ya gramu 35 hivi, ilhali Shirika la Afya Duniani linaona ni bora mtu mzima asizidishe takriban 25 kwa siku. Hata hivyo bibi mwenye kisukari bado hufunguliwa chupa nzima kwa heshima, naye huinywa, kwa kuwa kukataa ni kumwaibisha mwenyeji. Buni zipo palepale, shambani nyuma ya nyumba.