Uandishi wa Njano na Vita vya Senti Moja

Uandishi wa njano ni jina la uandishi wa habari unaotanguliza mshtuko kuliko ukweli, yaani ule unaokuza kisa kidogo kwa kichwa kikubwa cha habari, unaopamba uhalifu na kashfa kwa michoro, na unaotoa hukumu kabla ya uchunguzi. Una undugu na udaku, ambao kwa asili ni tabia ya kuchungulia mambo ya watu na kuyatangaza, lakini uandishi wa njano uliingia hata katika mambo ya dola.

Chimbuko lake ni New York, ambako Joseph Pulitzer, aliyelinunua gazeti la World mwaka 1883, alikabiliwa na William Randolph Hearst, aliyelinunua Journal mwaka 1895 na kuliuza kwa senti moja, nusu ya bei ya World, hata Pulitzer naye akalazimika kushusha bei. Rangi iliyozaa jina hilo ilikuwa ya kanzu: katika katuni za Richard Outcault, World lilimchapisha mtoto wa mitaa ya mafukara, mwenye upara na masikio makubwa, aliyevaa kanzu ndefu ya njano ambayo juu yake yaliandikwa maneno yake mwenyewe. Hearst alipomvuta mchoraji huyo upande wake mwaka 1896, Pulitzer alimwajiri George Luks aendelee kumchora mtoto yule yule, na mji ukawa na watoto wawili wa njano wanaogombea wasomaji. Mwaka uliofuata Ervin Wardman, mhariri wa New York Press, akayaita magazeti hayo ya njano.

Tarehe 15 Februari 1898 manowari ya Marekani, Maine, ililipuka katika bandari ya Havana, Cuba, na kuua mabaharia zaidi ya 250. Siku mbili baadaye Journal lilitangaza kwamba hiyo ni kazi ya adui, likaahidi dola 50,000 kwa atakayemfichua mhusika. Si haki kudai kwamba magazeti peke yake yaliwasha vita vya Marekani na Hispania vilivyofuata, kwa kuwa uasi wa Cuba dhidi ya utawala wa Hispania ulikwisha anza mwaka 1895. Hata hivyo, kumtaja mhalifu kabla baraza la uchunguzi la jeshi la majini halijaketi ni kosa lisilo na utetezi. Mwaka 1976 uchunguzi ulioongozwa na Admirali Hyman Rickover ulihitimisha kwamba yamkini mlipuko ulianzia ndani ya meli yenyewe, kwa moto wa makaa ya mawe yaliyohifadhiwa jirani na baruti.