Vitabu vya Utotoni Mikononi mwa Mtu Mzima: Sehemu ya Pili

Kurudia kitabu kilichopendwa utotoni huchukuliwa na wengi kuwa ni kujikumbusha raha ya zamani, lakini kwa msomaji aliyekulia Kasumbalesa au Lubumbashi, miji ya Katanga nchini Kongo, jambo hilo lina uzito zaidi, kwa sababu kitabu hicho alikisoma kwa lugha ambayo wakati huo alikuwa bado anajifunza. Nyumbani na sokoni mtoto wa mpakani huzungumza Kiswahili cha Katanga, mara nyingi pamoja na Kibemba kinachosikika pande zote mbili za mpaka wa Zambia, ilhali vitabu vingi vya hadithi vinavyomfikia vimeandikwa kwa Kifaransa, lugha rasmi ya nchi. Mtoto huyo hushika picha kwanza, kisha matukio, na maneno humfikia mwisho. Kwa hiyo anapokifungua tena akiwa mtu mzima, huenda ikawa ndiyo mara yake ya kwanza kukisoma chote.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni *Tintin au Congo*, kitabu cha katuni, yaani hadithi inayosimuliwa kwa michoro iliyofuatanishwa, huku maneno ya wahusika yakiandikwa ndani ya viputo. Mchoraji wake, Mbelgiji Georges Remi aliyejulikana kwa jina la Hergé, alianza kuitoa hadithi hiyo mwaka 1930 katika nyongeza ya watoto ya gazeti moja la Brussels, naye alikuwa hajawahi kufika Kongo. Wakongo wa kitabuni wamepewa Kifaransa kilichovunjika, na mtoto ambaye mwenyewe bado anababaika na vitenzi vya lugha hiyo haoni ajabu. Mtu mzima aliyekwisha kuimudu ndiye anayesikia dhihaka.

Katika picha mojawapo garimoshi dogo limepinduka baada ya kugongana na gari la Tintin, mhusika mkuu wa hadithi, na abiria Wakongo wanaamriwa kuliinua, huku hata mbwa wake Milou akiwakemea kwa uvivu. Msomaji wa Katanga anajua kwamba reli iliyofika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, pamoja na migodi ya Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, vilisimama kwa jasho la Waafrika, pengine la babu zake mwenyewe. Kumwita mtu wa namna hiyo mvivu ni uongo mzito, nao ulipandwa katika vichwa vya watoto kwa wino na rangi za kupendeza.

Zaidi ya hayo, kitabu chenyewe kilibadilika. Katika toleo la kwanza Tintin anawafundisha watoto wa Kongo kwamba nchi yao ni Ubelgiji, ilhali katika toleo la rangi la mwaka 1946 somo hilo limegeuzwa kuwa la hesabu za kujumlisha. Mwaka 2007 Mkongo Bienvenu Mbutu Mondondo alifungua mashtaka Ubelgiji kutaka kitabu kizuiwe, na mwaka 2012 mahakama ikayakataa. Hukumu hiyo haimwondolei msomaji wajibu wa kuamua mwenyewe.

Kitabu kingine, *L'Enfant noir* cha Camara Laye wa Guinea, kilichotoka mwaka 1953, ni riwaya ya kitawasifu, maana yake mwandishi anasimulia maisha yake kwa ufundi wa riwaya. Mtoto hukumbuka nyoka mweusi wa babake msimulizi na dhahabu ikiyeyushwa karakanani. Mwandishi Mongo Beti wa Kameruni alikilaumu kitabu hicho kwa kuufumbia macho ukoloni, na lawama hiyo ina haki yake. Hata hivyo, mzazi anayezisoma upya kurasa za mwisho, ambamo mama anapinga mwanawe kupelekwa Ufaransa na kuwalaani wanaomnyang'anya mtoto, atauona ukoloni huo ukishitakiwa waziwazi, kwa sauti ya mama ambaye hakuna aliyemwomba ruhusa.